Miguu mizito, moyo mzito: je, ni bakteria wa tumboni?

*"Daktari, nina umri wa miaka 34 na nimekuwa nikikimbia kwa miaka sita, nusu marathoni mbili kila mwaka. Miezi mitatu iliyopita nilipata UTI, nikameza antibayotiki. UTI ilipona, lakini tangu hapo tumbo linajaa gesi, choo mara kigumu mara nahara, na mbio nilizokuwa nikizimaliza huku napiga soga sasa nazikatisha katikati. Usingizi ni wa mang'amung'amu, na vitu nilivyovipenda havinivutii tena. Rafiki ninayefanya naye mazoezi anasema antibayotiki zimeua bakteria wazuri, na kwa kuwa asilimia 90 ya serotonini, ile kemikali inayohusishwa na furaha, hutengenezwa tumboni, huzuni yangu imetoka huko huko. Alinishauri niache wanga ili bakteria wabaya wakose chakula. Hii ni wiki ya saba sasa. Tangu mwaka jana natumia dawa ya sonona. Nafikiria kuiacha, kisha fedha niziweke kwenye probayotiki, vile vidonge vya bakteria hai, na kile kipimo cha choo unachotuma kwa posta. Mbio ni baada ya wiki kumi. Je, nimeshika njia sahihi?"*

Ndugu yangu, kabla hatujafika tumboni: dawa ya sonona usiiache. Si leo, si wiki hii, na si kwa sababu ya chochote utakachosoma humu. Dawa hizi zikikatwa ghafla zinaweza kuleta kizunguzungu, wasiwasi, kukosa usingizi, hata mishtuko kama ya umeme kichwani, na juu ya hayo sonona yenyewe inaweza kurudi kwa kishindo. Unapunguza dozi hatua kwa hatua, tena ukiwa umepona na si wakati unaniambia kwamba vitu ulivyovipenda havikuvutii. Maneno hayo yamenishtua kuliko gesi yako. Mpigie aliyekuandikia dawa, mwambie hali imebadilika. Huenda dozi haikutoshi tena.

Sasa twende kwa rafiki yako, ambaye hajakudanganya. Amekupa ukweli nusu nusu, na nusu ukweli ndio unaosumbua sana kwenye fani hii.

Takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili kweli hutengenezwa utumboni. Lakini serotonini hiyo haiendi kwenye ubongo. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi kinachochagua kipi kipite, nayo haipiti. Ubongo hujitengenezea yake mwenyewe, kutokana na triptofani, kijenzi kimojawapo cha protini tunazokula. Kwa hiyo hakuna bomba linalopandisha furaha kutoka tumboni hadi kichwani, na bakteria wakipungua si kwamba bomba limekauka.

Serotonini ya tumboni ina kazi yake: inaongoza mwendo wa utumbo, chakula kisonge kwa kasi ifaayo, na inaziamsha neva zinazopeleka habari ubongoni. Bakteria nao wana mkono hapo. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya California walionyesha kwamba panya waliolelewa bila bakteria wowote walikuwa na serotonini kidogo utumboni na kwenye damu, na walipopewa bakteria wa aina fulani kiwango kikapanda. Si kwamba bakteria ndio waliokuwa wakiitengeneza; walikuwa wakizichochea seli za ukuta wa utumbo zifanye kazi hiyo. Basi, ikiwa antibayotiki zimewavuruga bakteria wako, naweza kuamini kwa urahisi kwamba mwendo wa choo chako umevurugika pia. Kuruka kutoka hapo hadi kwenye huzuni ni kuvuka mto mpana, na daraja lake bado linajengwa.

Njia za mawasiliano zipo, sitaki ufikiri nazikana. Ya kwanza ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo na kushuka mpaka tumboni. Wengi hudhani kazi yake ni kuteremsha amri. Ukweli ni kwamba takriban asilimia 80 ya nyuzi zake zinapandisha taarifa: tumbo linasema, ubongo unasikiliza. Ya pili ni kinga ya mwili. Ukuta wa utumbo ukidhoofika, vipande vya bakteria huvuja na kuingia kwenye damu, kinga inawaka, na mwili unaowaka hivyo humfanya mtu achoke, ajitenge na akose hamu, kama vile mtu mwenye homa anavyojikunyata kitandani. Ya tatu ni asidi fupi za mafuta ambazo bakteria huzitengeneza wakichachusha nyuzinyuzi za chakula: asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli za utumbo mpana. Ikipungua, ukuta unakosa matunzo.

Ushahidi kwa binadamu hapa unahitaji kusomwa polepole. Utafiti wa Ubelgiji uliotoka mwaka 2019, wenye watu zaidi ya 1,000, uliona kwamba bakteria wa makundi ya Coprococcus na Dialister walikuwa wachache kwa watu wenye sonona. Ni jambo zito. Ila mtu mwenye sonona hula tofauti, hulala tofauti na hutoka nje mara chache, na hayo yote hubadilisha bakteria. Nani alimtangulia mwenzake? Picha iliyopigwa mara moja haiwezi kukuambia.

Halafu kuna kisa ninachopenda kuwasimulia wagonjwa wanaokuja na kopo la vidonge mkononi. Mwaka 2011 panya waliopewa bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus, wa ukoo wa JB-1, walipunguza dalili za wasiwasi. Neva ya vagasi ilipokatwa, faida ikatoweka. Ulikuwa utafiti mzuri, tena umenyooka. Mwaka 2017 bakteria huyo huyo akajaribiwa kwa wanaume wenye afya. Hakuna kilichobadilika: si msongo, si usingizi, si kumbukumbu. Panya si mtu mdogo mwenye mkia.

Tuje kwenye mbio, maana naona ndizo zinazokuuma.

Watafiti wa Marekani walikusanya choo cha wakimbiaji wa marathoni ya Boston ya mwaka 2015, siku kadhaa kabla na baada ya mbio, wakaona bakteria wa kundi la Veillonella wakiongezeka baada yake. Hawa wana tabia ya ajabu: chakula chao ni laktati, ile ile ambayo misuli huitoa unapokimbia kwa nguvu. Laktati kutoka kwenye damu huvuka ukuta wa utumbo, Veillonella wanaila na kuigeuza propionati. Wakachukua mmoja wao, Veillonella atypica, wakampandikiza kwa panya. Panya hao walikimbia kwa muda mrefu zaidi kwa asilimia 13. Walipowapa panya wengine propionati peke yake kupitia njia ya haja kubwa, matokeo yakawa yale yale. Ripoti ilitoka mwaka 2019, na haukupita muda mmoja wa watafiti akashiriki kuanzisha kampuni ya kuuza bakteria hao kwenye vidonge. Simlaumu mtu kula kwa jasho lake, lakini kati ya panya kwenye mashine ya kukimbilia na wewe kwenye kilomita ya 18 pana mambo mengi ambayo kidonge hakiyajui.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wa mwaka 2022, kwa sababu unaunganisha nusu mbili za swali lako. Panya waliopewa antibayotiki walichoka mapema na kukimbia umbali mfupi, na misuli yao haikuwa na kasoro. Kilichokosekana kilikuwa ubongoni. Bakteria fulani wa utumboni hutengeneza molekuli zinazoziamsha neva za hisia za utumbo. Neva hizo hupeleka habari ubongoni, na dopamini hupanda wakati wa mazoezi. Dopamini hiyo ndiyo inayoufanya mwili useme "tuendelee". Bila bakteria hao, panya walikuwa na miguu lakini hawakuwa na hamu ya kuitumia.

Najua unavyosoma sentensi hiyo ya mwisho. Unajiona mwenyewe humo. Nami nakiri kwamba inafanana mno na maelezo yako, ndiyo maana nakuomba tahadhari: panya wale walikuwa bado wako kwenye antibayotiki kali zilizofagia karibu kila kitu. Wewe ulimeza dozi ya UTI miezi mitatu iliyopita. Kwa watu wazima wenye afya, jamii kubwa ya bakteria hurudi karibu na ilivyokuwa ndani ya mwezi mmoja na nusu hivi, hata baada ya mchanganyiko mkali wa antibayotiki, ingawa aina chache huweza kukosekana kwa miezi sita au zaidi. Kwa hiyo antibayotiki zinaweza kueleza wiki zako za kwanza. Mwezi wa tatu siamini kwamba zinaueleza peke yake.

Nikiambiwa niweke dau, ningeliweka kwenye wanga.

Hebu angalia kalenda. Wiki saba zilizopita uliacha wanga. Mbio zilianza kuwa nzito lini hasa, baada ya antibayotiki au baada ya kuacha wanga? Chukua daftari lako la mazoezi uangalie. Misuli huhifadhi wanga kwa umbo la glikojeni, kiasi cha gramu 400 hadi 500 kwa mtu wa kawaida, na ndiyo inayotegemewa kila unapoongeza kasi. Hifadhi isipojazwa, miguu inakuwa mizito, moyo unapiga kasi kuliko mwendo, na usingizi unakatika. Mkimbiaji anayekula pungufu ya anachotumia, hata bila kukusudia, huingia kwenye hali ambayo Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliipa jina rasmi mwaka 2014: upungufu wa nishati katika michezo. Dalili zake ni pamoja na uchovu, kushuka kwa uwezo, kuvurugika kwa tumbo na kushuka moyo. Kama wewe ni mwanamke na hedhi imekuwa ya kurukaruka au imekatika, hiyo si dalili ya "mazoezi kukolea". Mwambie daktari.

Na kuhusu kuwanyima bakteria wabaya chakula: wanga wa kawaida, ule wa mkate mweupe na sukari, karibu wote humezwa na wewe mwenyewe kwenye utumbo mwembamba. Kinachofika kwa bakteria kwenye utumbo mpana ni yale usiyoweza kuyasaga, yaani nyuzinyuzi na wanga sugu, na hayo yamo kwenye maharagwe, dengu, nafaka isiyokobolewa, matunda na mizizi. Watu wakipunguza sana wanga, butirati na bakteria wanaoitengeneza hupungua. Hilo limepimwa kwa binadamu. Maana yake, umewafungia mlango wa jikoni wale wale unaowalilia, na unataka kuwarudisha kwa vidonge.

Kwa hiyo rudisha wanga. Kuanzia kesho, kwenye kila mlo, na zaidi siku za mazoezi. Nyuzinyuzi ndizo za kurudisha taratibu, kwa sababu utumbo uliozoea njaa ukipewa bakuli la maharagwe usiku mmoja utakuadhibu kwa gesi na utanilaumu mimi. Ongeza kidogo kila baada ya siku tatu nne, ndani ya wiki tatu au nne, hadi gramu 25 au 30 kwa siku, na maji uyaongeze pia. Siku moja kabla ya mbio ndefu, punguza tena nyuzinyuzi.

Ongeza pia kitu kilichochachuka, kama mtindi wenye bakteria hai. Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2021 kiligawanya watu wazima 36 kwenye makundi mawili kwa wiki kumi. Waliokula vyakula vilivyochachuka kwa wingi waliongeza aina za bakteria tumboni, na viashiria vya kinga kuwaka kwenye damu vikashuka. Waliokula nyuzinyuzi nyingi, kinyume na tulivyotarajia wengi wetu, hawakuongeza aina kwa wastani. Pengine wiki kumi ni chache, au bakteria wa kuzichachusha walikuwa wameshatoweka. Ndiyo maana nashauri vyote viwili.

Probayotiki? Sikukatazi, ila usizitarajie mengi. Hazifanani: faida ya ukoo mmoja haimhusu mwingine, hata kama jina kwenye kopo linakaribiana. Kwa wanamichezo, baadhi zimepunguza mafua na kero za tumbo kwa kiasi fulani. Kurudisha bakteria baada ya antibayotiki, ambako ndiko unakokutaka wewe, ndiko zilikojikwaa: utafiti mdogo wa Israeli wa mwaka 2018 uliona kwamba waliomeza probayotiki baada ya antibayotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa bila kitu. Ukitaka kujaribu, chagua aina moja, itumie wiki nne, andika dalili zako, na usipoona tofauti acha. Usianze kitu kipya wiki ya mbio. Na mwenye kinga dhaifu asizitumie bila daktari wake kujua.

Kipimo cha choo cha posta nitakuwa mkali zaidi: usinunue. Hakuna anayejua jamii "sahihi" ya bakteria inafananaje, kwa hiyo ile rangi nyekundu na kijani kwenye ripoti ni mapambo. Choo hicho hicho kikipelekwa maabara mbili kinaweza kurudi na majibu mawili. Na hata majibu yangekuwa kamili, ushauri ungebaki ule ule wa kula mimea ya aina nyingi.

Fedha hizo zina kazi bora. Omba upimwe wingi wa damu na ferritini, ambayo ni akiba ya madini ya chuma, kwa sababu wakimbiaji huipoteza kimyakimya na dalili zake ni hizi hizi zako. Omba pia tezi ya thairoidi, vitamini B12, sukari, na mkojo urudiwe ili tujue UTI imeisha kweli. Kipimo cha siliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano, huichochea kinga ya mwili ishambulie utumbo, kinafaa pia kutokana na tumbo lako, lakini kina mtego: kinategemea uwe unakula ngano. Ukipimwa baada ya wiki saba bila wanga kinaweza kusema huna kumbe unao. Mweleze daktari hivyo, mpange muda.

Lipo jambo jingine ambalo hukuliuliza. Antibayotiki ile iliitwaje? Tafuta pakiti au cheti. Kama jina linaishia na "-floxacin", kwa mfano ciprofloxacin au levofloxacin, hilo ni kundi linalotumika sana kwa UTI na lenye onyo maalumu. Linaweza kudhuru kano, hasa ile kubwa iliyo juu ya kisigino, hata wiki au miezi baada ya dozi kuisha. Linaweza pia kugusa neva na akili: usingizi kuvurugika, wasiwasi, kushuka moyo. Kama ulipewa hiyo, na una maumivu au ugumu nyuma ya kisigino asubuhi, simamisha kukimbia mpaka uonwe. Na kama moyo wako ulianza kushuka ukiwa bado unameza dozi, mwambie daktari tarehe. Hapo tungekuwa tunazungumzia athari ya dawa yenyewe, na bakteria wangekuwa wamesingiziwa bure.

Vilevile, kama una mazoea ya kumeza ibuprofen kabla ya mbio ndefu, acha. Ukikimbia kwa nguvu damu huhamia kwenye misuli na ngozi, na inayokwenda utumboni inaweza kupungua kwa asilimia 80. Ukuta tayari una shida, ibuprofen huuongezea.

Mazoezi usiyaache kabisa. Katika utafiti wa Illinois uliotoka mwaka 2018, watu waliokuwa hawafanyi mazoezi walianza mara tatu kwa wiki, na baada ya wiki sita bakteria wanaotengeneza butirati waliongezeka, zaidi kwa wembamba. Walipokaa tena wiki sita bila mazoezi, karibu yote yakarudi yalikoanzia. Kwa wiki tatu zijazo kimbia kwa mwendo wa kuweza kuzungumza, dakika 30 hadi 40, mara tatu au nne. Saa usiitazame.

Usisubiri miadi ya kawaida ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, ukipungua uzito bila kukusudia, ukiamshwa usiku na kuharisha, ukipata homa, au maumivu ya tumbo yasiyoachia. Kuharisha maji mara nyingi kwa siku baada ya antibayotiki, hata miezi miwili au mitatu baadaye, huweza kuwa maambukizi ya Clostridioides difficile, ambayo yana kipimo na dawa yake. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru au kwamba ni heri usingekuwepo, hiyo ni dharura sawa na maumivu ya kifua: usibaki peke yako, mwambie mtu aliye karibu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu zile wiki kumi, uamuzi uweke wiki ya nne. Kufikia hapo utakuwa umekula wanga kwa mwezi mzima, majibu ya damu yatakuwa mkononi, na daktari wa sonona atakuwa ameshakuona. Miguu ikiwa imerudi, wiki sita zinatosha kujiandaa kumaliza, si kuvunja rekodi yako. Isiporudi, ahirisha mbio, kisha uniandikie tena ukiwa na jina la ile antibayotiki na kiwango cha ferritini.